Herufi Tano

Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kukutana na kosa la Kiswahili akaliacha lipite salama. Alistaafu miaka tisa iliyopita, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu. Ilikaa mfukoni mwa shati na ilitoka humo kwa sababu yoyote ile. Tangazo la msiba lililobandikwa ukutani alilisahihisha. Risiti ya duka la dawa aliisahihisha, kisha akairudisha dirishani ili mwenye duka ajionee mwenyewe. Kadi ya harusi ya binti wa dada yake aliirudisha ikiwa na alama kumi na moja, na dada mtu hakumsemesha mwezi mzima. Mtaani walimwita Kalamu Nyekundu. Alijua, wala hakukasirika, maana moyoni alilihesabu jina hilo kuwa ni cheo.

Kwa hiyo wakazi wa ng'ambo ya reli walipoamua kwamba yametosha, na kwamba wanataka mji wao wenye baraza lao wenyewe, hakuna aliyejisumbua kuuliza barua itaandikwa na nani.

Na yalikuwa yametosha kweli. Halmashauri ya Mji ilikuwa upande wa pili wa reli, na huko huko ndiko kila kitu kilikoishia: lami, taa za barabarani, gari la taka. Upande huu walijengewa zahanati kuta nne, ikaachwa bila paa miaka sita, mpaka majani yakaota kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Kamati ya wakazi iliandika mara tatu kuomba taarifa ya ujenzi, na mara zote tatu ikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Wanawake walivuka reli wakiwa na uchungu wa kuzaa, tena wakisubiri treni ya mizigo imalize kupita. Mmoja alijifungulia pale pale kwenye kokoto. Baada ya hapo hata wale wapole walianza kutoa maneno makali.

Sheria iliruhusu eneo kuomba halmashauri yake. Ila maombi yalipokelewa mara moja tu kila miaka mitano, yakiwa na sahihi elfu nne, na yalipita kwanza mbele ya baraza la halmashauri ile ile inayokimbiwa. Ukiushangaa utaratibu huo, jua hukuushangaa peke yako. Mwenyekiti wa kamati alikuwa seremala, mtu wa sauti kubwa na vidole vyenye makovu ya msumeno, naye alimkabidhi Mwalimu kazi kwa maneno machache.

"Wewe tuandikie tu, Mwalimu. Sisi tutatia sahihi hata ukiandika Kichina."

Mwalimu alicheka, akaenda nyumbani kichwa kimemvimba.

Aliandika siku tatu kwenye daftari la mistari, kurasa sita za maelezo. Kisha akatunga sentensi moja ya ombi, ile ambayo ingechapwa juu ya kila ukurasa wa sahihi: "Sisi wakazi wa ng'ambo ya reli tunaomba tutenganishwe na Halmashauri ya Mji." Daftari akalipeleka kwa mchapaji.

Mchapaji alikuwa na kibanda karibu na kivuko cha reli. Kompyuta moja, printa moja yenye kukohoa, mashine ya fotokopi, kiti cha plastiki cha wateja, na pazia jeupe kwenye kona ambako alipigia watu picha za pasipoti. Mwalimu alimfundisha darasa la sita na la saba. Sasa alikuwa mama wa watoto wawili na anajitegemea, lakini Mwalimu akiingia alisimama wima vilevile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hapo mlangoni umeandika 'tunalamineti'. Kulamineti ndiyo nini?"

"Ni kufunika karatasi kwa plastiki, Mwalimu."

"Basi andika hivyo."

"Wateja hawataelewa, Mwalimu."

Kazi ya ombi aliifanya bure, kwa sababu yeye mwenyewe alishavuka ile reli mara mbili akiwa na mimba. Alichapa, Mwalimu akasahihisha, akachapa tena. Nakala ya kwanza ilirudi na alama nyekundu thelathini, ya pili kumi na nne. Ya tatu Mwalimu aliisoma akiwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, wakati mchapaji yuko nyuma ya pazia anabishana na mzee mmoja aliyegoma kuvua kofia apigwe picha.

Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye neno "tutenganishwe". Akalitazama. Likamwonekea refu, zito, neno la kuburuta mkia. Miaka thelathini alikuwa amewaambia watoto kwamba neno likitosha fupi, refu ni la nini? Akakata herufi tano katikati: a, n, i, s, h. Likabaki "tutengwe". Akalisoma kwa sauti ya chini, akalipenda.

Mzee wa kofia alishinda ubishi, akatoka. Mchapaji akaipokea karatasi, akarekebisha palipokuwa pekundu pote bila kuuliza, kwa sababu kalamu ya Mwalimu haikuwa kitu cha kuulizwa. Nakala zilizosahihishwa zikaingia kwenye boksi la karatasi chakavu, ambazo muuza karanga alikuja kuzichukua kila Ijumaa na kuzifanya pakiti.

Nyumbani, Mwalimu alimsomea mkewe, aliyekuwa anapeta mchele mlangoni.

"Sikiliza hii. Tunaomba tutengwe na Halmashauri ya Mji."

Mkewe akasimamisha ungo. "Mtengwe?"

"Tutengwe."

"Haya," akasema mkewe, akaendelea kupeta.

Zikakusanywa sahihi elfu nne mia moja na kumi na mbili. Watu walipanga foleni juani. Wasiojua kuandika walichovya kidole gumba kwenye wino wakakigandamiza kwa nguvu kana kwamba wanaibonyeza halmashauri yenyewe. Hakuna aliyesoma sentensi ile mara mbili. Si imeandikwa na Kalamu Nyekundu?

Baraza lilikaa Jumanne asubuhi, na kamati yote ikaenda, Mwalimu akiwa amevaa koti. Waliketi kwenye mabenchi ya wananchi nyuma ya ukumbi. Mchapaji hakwenda, maana hakuwa na wa kumwachia kibanda.

Mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye ulimi mwepesi, alilichukua ombi akaanza kulisoma kwa sauti ya kuchoka. Katikati ya sentensi akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Waheshimiwa madiwani," akasema, "hawa ndugu zetu wanaomba watengwe. Watengwe na nani? Na sisi!"

Kicheko kilianza benchi la mbele kikasambaa.

"Watu elfu nne wametia sahihi zao kwamba halmashauri hii iwatenge. Mimi ni nani niwanyime? Mwenye kuwasalimia asiwasalimie tena!"

Madiwani walivunjika mbavu. Mmoja akauliza kama kutenga kunaanza leo au kesho. Mwenyekiti alipopata pumzi, katibu wa baraza akasimama na kitabu cha sheria. Yeye hakucheka. Alisema kurasa sita za maelezo ni maelezo tu. Kinachohesabika kuwa ombi ni kile kilichoandikwa juu ya sahihi, na kilichoandikwa hapo hakiombi halmashauri mpya. Ombi linarudishwa. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, na litafunguliwa tena baada ya miaka mitano.

Mwalimu alihisi masikio yakiwaka moto. Neno lile, alilolisoma mara ishirini akaliona zuri, sasa aliliona jinsi kila mtu mwenye akili timamu alivyoliona. Alijua papo hapo ni nani aliyelikata, na kwenye kiti gani. Alitamani sakafu ya ukumbi ifunguke imfunike, yeye na koti lake.

Walipotoka nje, kamati ilimzunguka kwenye ngazi. Hakuna aliyemkaripia. Walikuwa wanasubiri tu awaeleze, kama walivyozoea.

"Ilikuwaje, Mwalimu?" akauliza Seremala.

Mwalimu alifungua kinywa aseme. Nia alikuwa nayo, lazima hilo lisemwe, ilikuwa imefika kabisa kwenye ulimi. Lakini mkono ukatangulia. Ukaingia kwenye mkoba, ukatoa daftari la mistari, ukalifungua kwenye ukurasa wenyewe.

"Mimi niliandika hivi," akasema. "Someni."

Wakasoma. Tutenganishwe. Mwandiko wake mzuri wa ubaoni, wino wa bluu, hakuna herufi iliyoguswa.

"Kwa hiyo mchapaji ndiye aliyeharibu," akasema Seremala.

"Daftari ndilo hilo," akasema Mwalimu, akalifunga.

Kila neno alilolitamka pale lilikuwa la kweli. Alijikumbusha hivyo njia nzima wakati wa kurudi, wakivuka reli, na hilo halikumsaidia kitu.

Kufikia jioni jumba bovu lilikuwa limeshamwangukia mchapaji. Walimwita Mama Tutengwe. Wateja waliokuwa wanamletea barua za maombi ya kazi wakaanza kuvuka reli kwenda kuchapisha mjini. "Usimpe barua yako," walisema, "utaomba kazi upewe talaka." Kuna aliyekwenda na mkaa akaandika kwenye mlango wa kibanda: HAPA TUNATENGA WATU. Mwalimu alipita pale asubuhi, akayasoma maandishi hayo. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Hakupata cha kusahihisha, akageuza njia na tangu siku hiyo akawa anazungukia nyuma ya ghala la mbao.

Jumapili alasiri mchapaji alikuja nyumbani kwake. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Alikaribishwa kiti, akaketi ukingoni, mikono mapajani.

"Nimekuja kuomba radhi, Mwalimu."

Mwalimu akakohoa.

"Mara ya kwanza nililichapa vizuri lile neno, hilo nakumbuka. Nafikiri ni wakati narekebisha alama zako. Kidole kilifuta, sikuona. Nimekutia aibu mbele ya watu, na wewe ndiye uliyenifundisha hata kushika kalamu."

Hapa ndipo mtu angesema. Chumba kilikuwa na watu watatu tu, wawili kati yao wakimpenda. Angesema, ingemuuma, na ingekuwa imeisha. Lakini Mwalimu aliangalia vile vidole mapajani mwa yule mama, vidole visivyo na kosa lolote, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, tulivu, ya darasani.

"Basi, binti yangu. Yameisha. Siku nyingine uwe makini."

"Asante, Mwalimu." Machozi yakamtoka, ya kushukuru. Mke wa Mwalimu akampa maji, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi hakuketi.

"Umeipokea radhi yake," akasema.

"Sasa ningefanyaje?"

"Ulinisomea hapa hapa mlangoni, baba. Tutengwe, ulisema. Nikakuuliza."

Mkewe hakupandisha sauti wala hakununa; alichukua ile bilauri akaenda kuiosha. Angegomba, Mwalimu angejitetea, na kwa kujitetea alikuwa fundi. Alibaki kwenye kiti chake na aibu yake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini na nane aliogopa kumfuata mkewe jikoni.

Wiki iliyofuata kamati iliitisha mkutano ndani ya zile kuta nne za zahanati. Miaka mitano ni mingi, Seremala alisema, na kwa kuwa wamefungwa na halmashauri hii, basi itawajibika kwa hii zahanati hata kwa kuburutwa. Wote wakaafiki. Watakwenda kila baraza, watakaa kwenye mabenchi ya nyuma, watauliza swali moja lile lile hadi lijibiwe. Ajenda ya pili ilikuwa ya mchapaji. Seremala alitaka aombe radhi mbele ya watu, na kuanzia hapo karatasi za kamati zichapwe kwingine.

Mchapaji akasimama katikati ya majani. Kabla hajasema, Mwalimu naye akasimama.

"Keti, binti yangu," akasema. "Kosa si lake. Lile neno nililikata mimi, kwa kalamu yangu."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akaanza kupiga makofi.

"Mnamwona mtu muungwana?" Seremala alinguruma, macho yamemlegea. "Mnamwona mwalimu wa kweli? Kosa la mwanafunzi wake anajitwisha yeye!"

"Sijitwishi," Mwalimu akasema. "Nasema kweli. Nilikata herufi tano."

"Mwalimu, daftari si tuliliona kwa macho yetu?"

Wakacheka, kicheko cha mapenzi, na makofi yakazidi. Alijaribu mara ya tatu, sauti ikamezwa. Miaka yote aliwafundisha kwamba Kalamu Nyekundu haikosei, na walikuwa wamelishika somo vizuri mno. Palepale Seremala akafuta ajenda ya pili kwa heshima ya Mwalimu. Mchapaji alimtazama toka upande wa pili wa chumba, mkono kifuani, akimshukuru. Mwalimu akaketi chini ya kilemba hicho cha ukoka, na aibu aliyoisikia kwenye ukumbi wa halmashauri ikaonekana si kitu.

Asubuhi yake alikuwa kibandani kabla mlango haujafunguliwa vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu. Na asante kwa jana."

"Nataka tangazo," Mwalimu akasema bila kuitikia. "La kubandika ukutani. Andika: Mimi, mwalimu mstaafu, ndimi niliyekosea neno katika ombi letu."

Mchapaji akatoa mikono kwenye kompyuta. "Mwalimu, jana ilitosha. Usijitese kwa ajili yangu."

"Ulikuwa nyuma ya hilo pazia," akasema Mwalimu. "Unagombana na mzee aliyekataa kuvua kofia. Ulimwambia picha itakataliwa, akasema na ikataliwe. Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki na nakala ya tatu. Nikakata herufi tano. Ulipotoka nikakupa, ukarekebisha kama nilivyoandika."

Mchapaji alimkumbuka mzee wa kofia. Mwalimu aliliona lile jambo likimfikia usoni taratibu, kutoka kwenye macho mpaka mdomoni.

"Kumbe," akasema. "Wiki mbili nimekuwa nikijifunza upya kuchapa. Naweka herufi moja, naitazama, naweka nyingine. Nilidhani vidole vyangu vina ubovu."

"Naam."

"Na nikaja kwako."

"Ulikuja."

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja na kitambulisho cha kutolewa nakala. Mchapaji aliwaona, wala hakuwaambia wasubiri nje. Akarudisha vidole kwenye kompyuta.

"Umesema 'niliyekosea'. Hiyo ni ya kwenye kiti. Kule kwenye ngazi za ukumbi, ulipotoa daftari, niandike ulifanya nini?"

"Sikutaja jina lako pale. Sikusema kwamba..."

"Sijauliza ambacho hukusema."

Mwalimu alitafuta neno. Maneno ndiyo yaliyokuwa mali yake pekee duniani, na yote yalikuwa yamekimbia.

"Nilidanganya," akasema.

"Ulidanganya nani, kuhusu nani? Sentensi haijakamilika."

Mwenye kitambulisho akaacha kupekua mfuko.

"Nilimsingizia," akasema, na sauti ilipokwama akaanza upya, kwa nguvu, ili wa mlangoni nao wasikie. "Nilimsingizia mchapaji, ambaye hakuwa na kosa."

Mchapaji akachapa. Hakuangalia vidole, na vilikwenda haraka, bila kusita mahali popote. Akakigeuza kioo cha kompyuta ili Mwalimu asome, akangoja.

Mwalimu akasoma mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Nakala ngapi, mzee?" akauliza mchapaji, kama anavyomuuliza mteja yeyote.